Shule za Chicago: hesabu inayosomwa nusu

Mwaka 1987 William Bennett, Waziri wa Elimu wa Marekani wakati huo, alisema shule za umma za Chicago ndizo mbovu kuliko zote nchini mwake. Kauli ile haijachuja mpaka leo. Anayetafuta mfano wa jiji lililoshindwa kusomesha watoto wake huanzia Chicago, na ushahidi haumpigi chenga. Katika mitihani ya jimbo la Illinois ya 2024, watoto wa darasa la tatu hadi la nane waliofikia kiwango katika kusoma walikuwa takriban watatu kati ya kumi. Katika hisabati hawakufika hata wawili.

Takwimu hizo ni za kweli. Lakini zinatuambia mtoto yuko wapi, nasi tunazisoma kama kwamba zimetuambia shule imemfanyia nini.

Mwishoni mwa 2017 Sean Reardon wa Chuo Kikuu cha Stanford alitoa uchambuzi uliouliza swali hilo la pili. Alichukua matokeo ya mitihani kutoka maelfu ya wilaya za elimu za Marekani, akapima mtoto anasogea kiasi gani kuanzia darasa la tatu hadi la nane. Kwa Chicago, kati ya 2009 na 2014, jibu lilikuwa miaka sita ya kujifunza ndani ya miaka mitano darasani. Ni wilaya chache sana nchini kote zilizofikia kasi hiyo. Na si kwamba watoto wa kundi moja waliwabeba wengine, maana weusi, Walatino na weupe wote walipanda.

Tuipige hesabu taratibu, maana hapa ndipo wengi wanapoteleza. Chukua mtoto anayefika darasa la tatu akiwa nyuma ya wastani wa taifa kwa mwaka mmoja na nusu. Miaka mitano baadaye wenzake wamesogea mitano, yeye sita. Sasa yuko nyuma kwa nusu mwaka. Katika jedwali la matokeo anaandikwa vilevile alivyoandikwa mwanzo, yaani hajafikia kiwango. Mchukue sasa mwenzake wa kitongoji cha wenye nacho, aliyeanza akiwa mbele kwa miaka miwili, shule ikampotezea mmoja njiani. Huyo amefaulu. Shule yake inasifiwa, na nyumba zinazoizunguka zinapanda bei kwa sababu ya sifa hiyo. Mzazi anayehamisha mwanawe kwa kufuata jedwali hilo anaweza kabisa kuwa anamtoa penye kazi na kumpeleka penye jina.

Wakosoaji wana hoja, tena si nyepesi. Uchambuzi wa Reardon unaishia 2014, kabla ya janga la korona kuvuruga kila kitu. Tena kasi haimwajiri mtu: kijana anayemaliza shule hajui hesabu ya sehemu hatasaidiwa na habari kwamba zamani hakujua hata kujumlisha. Hilo nalikubali. Nisichokubali ni hatua inayofuata, pale mtu anapochukua kiwango cha chini kuwa kibali cha kubomoa kinachokipandisha.

Na kinachokipandisha kinajulikana, angalau kwa upande wa sekondari. Mwaka 2005 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago, Elaine Allensworth na John Easton, walionyesha kwamba mwaka wa kwanza wa sekondari, yaani darasa la tisa, unatabiri vizuri zaidi nani atahitimu kuliko alama za mitihani alizokuja nazo. Kipimo chao ni chepesi mno. Mwanafunzi awe amekusanya masomo ya kutosha kumvusha darasa la kumi, na asiwe na zaidi ya F moja ya muhula katika masomo ya msingi. Waliotimiza hayo walihitimu takriban wanane kati ya kumi. Kwa ambao hawakutimiza, ilikuwa wawili hivi.

Shule zikaanza kukifanyia kazi. Walimu wa darasa la tisa wanakaa na orodha ya majina mbele yao, mtoto mmoja mmoja: huyu F ya aljebra imetoka kwenye kazi mbili ambazo hakukusanya, yule amekosa kipindi cha kwanza mara kadhaa kwa sababu anampeleka mdogo wake shule. Nani atampigia mama yake? Nani atamkalisha baada ya masomo amalizie hizo kazi mbili? Hakuna mwanasiasa atakayekata utepe kwa kikao cha namna hiyo. Lakini mji ambao mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulihitimisha karibu nusu tu ya vijana wake, leo unahitimisha zaidi ya wanane kati ya kumi.

Swali la haki ni kama alama zinazowavusha vijana hao zinagawiwa bure. Mwaka 2015 waandishi wa habari walifichua kwamba baadhi ya shule ziliwaandika watoro walioacha masomo kuwa wamehama, na wilaya ikalazimika kushusha kiwango chake cha wahitimu kwa pointi takriban tatu. Ni aibu, na ilistahili kelele zote ilizopigiwa. Ila pointi tatu hazifuti thelathini. Pia, katika miaka ambayo wahitimu waliongezeka, wastani wa ACT, mtihani wa kuombea nafasi vyuoni, haukuporomoka. Kama shule zingekuwa zinavusha mbumbumbu, huko ndiko tungeona kwanza.

Linganisha na hatua iliyotangazwa kwa vishindo. Mei 2013, chini ya meya Rahm Emanuel, bodi ya elimu ya jiji ilipiga kura kufunga shule takriban 50 kwa mkupuo mmoja, nyingi katika mitaa ya watu weusi. Hoja ilikuwa madarasa matupu na fedha zinazopotea, na madarasa kweli yalikuwa matupu. Miaka mitano baadaye watafiti wa Chuo Kikuu kilekile cha Chicago walikuta kwamba alama za watoto wa shule hizo zilianza kushuka mwaka uleule wa tangazo, kabla hata milango haijafungwa, na katika hisabati pengo lilidumu kwa miaka.

Anayetaka shule zifungwe tena hajakosa cha kuonyesha. Miaka ya mwanzoni mwa 2000 wilaya ilikuwa na wanafunzi zaidi ya 400,000, katika mwaka wa masomo 2025/26 walikuwa kama 316,000. Ipo sekondari yenye wanafunzi wasiofika 40 ndani ya jengo lililojengwa kwa mamia. Huwezi kuwapa watoto hao kwaya, maabara na mwalimu wa fizikia kwa bei ambayo jiji linaimudu, na kulitetea jengo kama hilo kwa jina la usawa ni kuwanyima wao wenyewe. Hapo natofautiana na chama cha walimu, kinachopinga shule kufungwa.

Bajeti ya mwaka wa masomo 2025/26 ilianza na pengo la dola milioni 734. Bodi iliyokuwepo 2024 iliahidi kutofunga shule yoyote kabla ya 2027, na Januari mwaka huo ndipo bodi yenye wajumbe 21, wote wakiwa wa kuchaguliwa na wananchi, inapaswa kushika usukani. Majengo yatawagawa wajumbe hao tangu kikao cha kwanza, na kila mtaa utapeleka watu wake ukumbini kulitetea la kwao. Saa za walimu kukaa na orodha ya darasa la tisa hazina mtaa wa kuzitetea, na mpunguza bajeti anaweza kuzifuta kwa mstari mmoja bila mtu kuandamana.