Mangi Alivyogoma Kuniuzia Kiberiti

Katika miaka 14 ya kuvuta nimeacha sigara mara nyingi mno, hadi mke wangu hasikilizi tena. Safari hii nikasema najiandaa. Mwuguzi wa zahanati alinielekeza: panga tarehe, watangazie watu wakubane, ondoa nyumbani kila kitu cha uvutaji. Nikachagua 31 Mei, siku ya kutotumia tumbaku duniani, angalau nisiteseke peke yangu.

Kutangaza nikatangaza. Mangi wa mtaani kwetu Tabata, anayeniuzia fegi moja moja tangu tuhamie, nilimwambia mbele ya wateja: "Kuanzia tarehe 31, hata nikipiga magoti usiniuzie. Hata nikimtuma mtu. Hata kiberiti!" Hapo kwenye kiberiti nilikuwa najipamba tu.

Usiku wa tarehe 30 nikafagia nyumba. Kisahani cha majivu, vibiriti gesi vinne, viberiti vyote mpaka cha jikoni, vikaenda jalalani. Sigara sita zilizobaki nikazitumbukiza kwenye ndoo ya maji, roho ikiniuma. Mama mkwe, aliyekuja kututembelea kutoka Muheza, alikuwa ananitazama kimya. Nikapata nafasi ya kumweleza habari za mapafu, nusu saa nzima. Mwishowe akaaga, eti anakwenda kuangalia kuku.

Tuna kuku watatu.

Alfajiri watoto wanataka chai wawahi shule, na jiko letu la gesi haliwaki bila kiberiti. Mtoto akatumwa dukani. Akarudi mikono mitupu: "Mangi anasema baba ndiye kanituma." Mke wangu akaenda mwenyewe, akarudi kanuna. "Ananipa pole! Eti tukuombee."

Nikaenda mimi. Sasa, nikotini haina subira: nusu yake hutoka kwenye damu kwa saa mbili hivi, halafu mwili unaanza kudai. Nilikuwa na saa tisa bila kuvuta. Mikono inatetemeka, jasho linanitoka, na baridi ya asubuhi hiyo.

"Mangi, ni cha kuchemshia chai."

"Chai," akasema, macho kwenye mikono yangu.

"Jikaze kaka," akasema dada mmoja aliyefuata mkate.

"Sasa mnataka nipige magoti?"

Duka zima likaangua kicheko. Mangi hata hakucheka. "Ulisema utafika hapo, Baba Neema."

Narudi nyumbani, chai inachemka. Mama mkwe kakaa kwenye kigoda, ametulia.

"Shikamoo mama. Kiberiti kimetoka wapi?"

Akachungulia mlangoni kama binti yake yupo karibu, akafungua pindo la khanga. Kiberiti, na sigara mbili zilizopinda.

"Marahaba, mkwe. Yale ya mapafu nimeyasikia. Ila mwenzio usimwambie." Akafunga pindo, akainuka. "Ngoja nikawaangalie kuku."

Nikabaki na kikombe mkononi, najizuia kumwuliza kama wale kuku hawahitaji watu wawili.