Kasoro Nilizozitaja Zilitengenezwa Zote

Mtu aliyezoea kununua vitu katika soko la Mwanga, hapa Kigoma, hawezi kukisifu kitu mbele ya mwenye kukiuza, hata kama moyoni amekwisha kukipenda kupita kiasi. Ukishika shati ulilolitafuta mwaka mzima, unalitazama kana kwamba limekutukana, unauliza kama halitachuja, unalirudisha mahali pake na kupiga hatua mbili za kuondoka, na hapo ndipo bei inapoanza kushuka. Ustadi huo nimeutumia tangu ujana kwa mashati, kwa migebuka, kwa madumu ya mawese na hata kwa kiwanja ninachoishi, na haukuwahi kuniangusha mpaka nilipoutumia kwa saa.

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na kwa muda mrefu nimekuwa na maradhi yasiyo na tiba katika mshahara wa ualimu: ninapenda saa za zamani za wazamiaji, zile zilizotengenezwa Uswisi kabla betri haijaingia ndani ya kila kitu. Zilianza kupata umbo tunalolijua mwaka 1953, kampuni ya Blancpain ilipotoa saa ya Fifty Fathoms, na mwaka uliofuata Rolex ikaionyesha Submariner hadharani. Omega ikaja na Seamaster 300 mwaka 1957. Hazikukusudiwa kuvaliwa harusini. Pete inayozunguka kioo ina alama za dakika 60, na mzamiaji, kabla ya kuingia majini, huizungusha mpaka pembetatu yake ielekeane na mshale wa dakika, ili akiwa chini asome moja kwa moja amekaa humo dakika ngapi bila kupiga hesabu yoyote. Kwa mtu anayesahihisha hesabu za kidato cha nne kila wiki, jambo hilo la kutohitaji hesabu lina utamu wake.

Niliyoitamani hasa ni Submariner yenye namba 5513, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1962 na kuendelea hadi mwishoni mwa miaka ya 1980, isiyo na tarehe, yenye kioo cha akriliki, yaani plastiki ngumu, na inayohimili kina cha mita 200. (Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470, kwa hiyo saa hiyo ingekata tamaa kabla ya kufika hata robo ya safari, lakini mimi ningekuwa nimekata tamaa mapema zaidi.)

Ili msomaji aelewe kilichonipata, hana budi kujua kwamba katika saa za namna hii uzee ndio mali. Katika 5513 nyingi alama za saa na mishale zilipakwa rangi yenye tritiamu, yaani hidrojeni yenye mionzi, ambayo ilizifanya zing'ae gizani bila kuhitaji kumulikwa kwanza. Tritiamu hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 12.3, kwa hiyo saa ya miaka hamsini haing'ai tena, na ile rangi iliyokuwa nyeupe huwa imegeuka njano ya samli. Pete nyeusi nayo, ikikaa juani miaka mingi, hupauka ikawa kijivu. Wakusanyaji wa saa duniani hulipia njano hiyo na mpauko huo fedha ambazo hawangezilipa kwa upya wowote, na wakiona kwamba saa imesuguliwa hadi kingo zake zimelainika, au uso wake umepakwa rangi upya, huirudisha mezani bila kuuliza bei. Hayo yote niliyajua. Aliyekuwa hayajui ni mwenye saa.

Nilimpata kupitia mwanafunzi wangu, ambaye siku nilipofundisha shinikizo la maji aliinua mkono na kusema kwamba babu yake ana saa ya kuzamia. Jumamosi iliyofuata nilipanda daladala hadi Ujiji. Mzee alikuwa ameketi barazani, fundi mitambo mstaafu aliyefanya kazi katika meli za ziwani, mtu mpole mwenye kanzu iliyopigwa pasi, na saa ilikuwa mkononi mwake. Alinieleza kwamba aliachiwa na mhandisi wa Kizungu aliyerudi kwao katika miaka ya 1970, na kwamba kwa miaka yote hiyo hajaipeleka kwa fundi isipokuwa kuisafisha mashine na kuitia mafuta.

Aliivua akanikabidhi, ingali na joto la mkono wake. Chini kabisa ya uso, chini ya alama ya sita, niliyaona maandishi madogo yanayotaja Uswisi pamoja na T na 25, ambayo ndiyo ishara ya tritiamu. Mshale wa sekunde uliteleza badala ya kurukaruka. Mkanda wa ngozi ulikuwa umeshonwa na fundi viatu, na kwa kuwa masikio ya saa hizi, zile pembe zinazoshika mkanda, yametobolewa pembeni, niliomba sindano ya kushonea magunia, nikazisukuma pini, mkanda ukatoka. Upande wa kumi na mbili, kati ya masikio, palikuwa na namba 5513. Upande wa sita palikuwa na namba ya saa yenyewe, imechongwa kwa mistari myembamba na safi. Kingo zilikuwa kali kama zilivyotoka kiwandani. Pete ilikuwa ya kijivu cha wingu la masika. Alama zote, na mishale pamoja nazo, zilikuwa na njano ya aina moja, jambo ambalo ndilo hasa hutafutwa, kwa kuwa huonyesha kwamba hakuna kilichobadilishwa.

Magoti yalinilegea, nami nikafanya kile ambacho Mwanga ilinifundisha.

"Mzee," nilisema huku nikiirudisha kwenye meza kwa ncha za vidole, "saa ni nzuri, lakini imechoka. Angalia hii njano, kama meno ya mvuta tumbaku. Pete imepauka kabisa. Kioo kimejaa michubuko. Hata chuma chenyewe kimefifia, hakina mng'ao. Mtu akiniona nayo atadhani nimeiokota ufukweni Kibirizi."

Mzee aliichukua, akaitazama kwa muda mrefu, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Kumbe ndivyo ilivyo, mwalimu. Mimi nimeizoea, sikuyaona hayo." Niliyasikia maneno yale kwa masikio ya mnunuzi, nikahesabu kwamba bei imeshuka. Na kweli ilishuka. Tulikubaliana kiasi kinachotosha kununua pikipiki mpya, ilhali nilifahamu, Mungu anisamehe, kwamba Ulaya saa ile ingeuzwa kwa bei ya kiwanja chenye hati. Nilimpa malipo ya awali mbele ya mjukuu wake na jirani mmoja, tukapeana mikono, nikamweleza kwamba zilizobaki nitazileta SACCOS yetu ya walimu itakaponipa mkopo.

Katika fomu ya mkopo, penye nafasi ya kueleza sababu, niliandika "ukarabati". Nilimaanisha paa. Sikujua kwamba wakati kalamu yangu inaandika neno hilo, ukarabati ulikuwa umekwisha kuanza Ujiji.

Niliporudi na fedha nilikuta baraza limejaa. Alikuwepo jirani aliyeshuhudia, walikuwepo wajomba wawili, soda zilikuwa zimenunuliwa, na katikati ya meza palikuwa na sinia lililofunikwa kwa kawa. Pembeni aliketi kijana mmoja mwenye begi mapajani na tabasamu la mtu anayesubiri kusifiwa. Nilimwamkia mzee, akaitikia marahaba kwa furaha iliyonitia wasiwasi, kisha akafunua kawa.

Saa iling'aa hata nikapepesa macho. Chuma kilikuwa kimesuguliwa kwa mashine mpaka nikajiona paji la uso, na zile kingo kali zilikuwa zimelainika kama kipande cha sabuni kilichobaki bafuni. Pete ilikuwa nyeusi tititi, na nilipoisogelea nilitambua kwamba imetoka katika saa nyingine, tena ya bei ndogo, kwa kuwa tarakimu zake zilikuwa nene na pembetatu ilikuwa imeegemea upande. Mishale ilikuwa mipya. Alama za uso zilikuwa nyeupe, nyeupe ya chokaa ya Idi, na ile ya saa tisa ilikuwa imevuka mpaka wake kidogo ikamwagikia uso mweusi.

"Kila ulichokitaja, mwalimu," alisema mzee, akihesabu kwa vidole, "njano, pete, kioo, mng'ao. Nilikaa usiku ule nikajiuliza: nitamuuziaje mwalimu wa mjukuu wangu kitu chenye kasoro? Nikamtafuta fundi. Gharama zake tutagawana nusu kwa nusu, kwa kuwa tumeheshimiana."

Wajomba waliitikia kwa vichwa. Nami nilitafuta la kusema nikakosa, kwa sababu kila sentensi iliyonijia ilianza kwa kueleza kwamba siku ile nilikuwa nasema uongo ili nimpunje.

"Kioo ni kazi ndogo," aliingilia fundi kwa unyenyekevu. "Dawa ya meno tu." Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa jambo pekee lisilo na madhara, kwani michubuko ya akriliki huondoka hivyo. "Kazi ilikuwa kwenye ile njano. Nimeikwangua kwa wembe, alama moja moja."

"Na unga wake?"

"Niliupuliza."

Hapo fizikia ilinizuia nisilie. Niligawa kwa nusu mara nne kichwani, nikapata kwamba ya tritiamu ya mwanzo imebaki takriban sehemu moja ya kumi na sita. Mionzi yake ni dhaifu hata haipenyi ngozi, lakini vumbi lake si kitu cha kuvuta puani. Nilimuuliza kama alikohoa. Alisema hapana, ila alipiga chafya. Nilimwambia kwamba hatakufa, naye akanishukuru, ingawa hakuwa amejua kwamba jambo hilo lilikuwa na shaka.

Wakati huo mjukuu alitokea ndani amebeba beseni la maji, akalitua mbele yangu. Mzee alikuwa tayari ameishika saa kwa mkanda wake. "Uione mwenyewe kwamba bado inazamia," alisema. Mipira ya kuzuia maji katika saa ya umri ule hukauka na kupasuka, na fundi aliyefungua kifuniko hakuwa na mipya wala chombo cha kupimia shinikizo. Maji yakiingia mara moja tu, mashine nayo ingefuata njia ya uso. Nilipiga kelele ambayo sijawahi kuipiga hata siku wanafunzi walipoiunguza maabara. Jirani alimwaga soda. Saa ilisimama hewani, sentimita chache juu ya beseni, na mzee akanitazama kwa huruma.

"Usiogope, mwalimu. Imeandikwa yenyewe, mita mia mbili. Hili ni beseni."

Nilimwambia kwamba ninamwamini na kwamba neno lake linatosha. Nililipa fedha zote, pamoja na nusu ya gharama za fundi, kwa kuwa nilikuwa nimepeana mkono mbele ya mashahidi na sikuwa na kasoro hata moja iliyobaki ya kuitaja. Nilivishwa saa na mzee mwenyewe, na wajomba wakapiga makofi. Ilikuwa inakwenda sawasawa, hilo sikatai.

Niliondoka pamoja na fundi, tukatembea kuelekea kituo cha daladala, na tulipofika kwenye kona nilimuuliza, kwa sauti ya mtu anayepitisha muda tu, ile pete ya zamani na mishale aliitupa wapi.

"Situpi kitu," alisema. Alifungua begi akatoa kopo la maziwa ya unga, akalitikisa. Ndani, kati ya skrubu na betri zilizokufa, niliiona pete ya kijivu, nzima, bila ufa, na mishale miwili ya njano imeshikana kwenye kipande cha selotepu. Uso ulikuwa umepotea milele, lakini hivi vilikuwa vimeponea. Vipande hivyo peke yake vina wanunuzi wake.

Nikafungua mdomo kusema kwamba ni takataka, nikaufunga. Kusema hivyo kulikuwa kumenigharimu uso wa saa, kingo za saa, na nusu ya gharama za kuviharibu. Safari hii, niliamua, nitasema kweli. Nilimweleza fundi kila kitu pale kituoni: tritiamu, jua, miaka hamsini, wakusanyaji wa Ulaya, na jinsi mpauko ule usivyoweza kutengenezwa na mtu yeyote. Alinisikiliza kwa makini kuliko mwanafunzi wangu yeyote. Nilipomaliza alilitazama kopo, akalifunika kifuniko, akakibonyeza pande zote mpaka kikalia, akalirudisha ndani ya begi na kuvuta zipu. Kisha akaniuliza, kwa adabu kabisa, kama SACCOS ya walimu huruhusu mkopo wa pili kabla wa kwanza haujaisha.