Acheni kuisingizia printf

Nimeonyeshwa msimbo wa lugha ya C wa daftari la SACCO moja hapa Kampala, na hasira bado hazijaniisha. Salio la mwanachama limewekwa kwenye float, aina ya namba za desimali yenye nafasi ndogo. Float! Mtu ana shilingi 25,000,001, skrini inamwandikia 25000000.000000, halafu fundi analalamika eti printf, amri ya C ya kuchapisha, inakula pesa. Printf haijala kitu. Float ina biti 24 tu za kubebea tarakimu, kwa hiyo inahesabu shilingi moja moja hadi 16,777,216; ikivuka hapo inaruka mbili mbili. Kwa bei za viwanja vya Wakiso, kiasi hicho unakivuka kabla hujafika kwa wakili. Na sufuri sita nyuma ya nukta ni za nini, pambo? Pesa iwekwe kwenye int64_t, namba kamili ya biti 64, ichapishwe kwa PRId64, alama yake ya printf, basi.

Kilo za kahawa, haya, tumieni double, ndugu ya float mwenye nafasi kubwa zaidi. Lakini %f, alama ya kuiambia printf iandike desimali, huandika tarakimu sita baada ya nukta, namba iwe kubwa iwe ndogo: 0.0000004 inatoka 0.000000, na ukiisoma tena umebaki na sufuri tupu. %g nayo hubakiza tarakimu sita za maana, ndiyo maana 25000001 inageuka 2.5e+07. Ukitaka namba iende kwenye faili na irudi ilivyokuwa, andika %.17g (tarakimu 17 za maana) kwa double, au %.9g kwa float. Msinijie na DBL_DIG, idadi ya tarakimu ambazo C inaahidi double itazihifadhi. Hiyo ni 15, na haitoshi. Chukua 0.1+0.2: %.15g inaandika 0.3, na ukiisoma tena unapata namba nyingine kabisa. %.17g inaandika 0.30000000000000004, na ukiisoma tena unapata ileile iliyomo kwenye kumbukumbu.

Sawa, nakubali shingo upande: 0.1 kuandikwa 0.10000000000000001 kunachukiza. Basi anza na %.15g, isome kwa strtod, amri ya kugeuza maandishi kuwa double, linganisha na ya mwanzo. Zikitofautiana, panda 16, kisha 17. Ni kitanzi cha mistari mitano, si shahada ya Makerere. Kama hakuna binadamu atakayesoma faili, %a, inayoandika kwa heksadesimali, inamaliza kazi.

2.675 kuandikwa 2.67 kwa %.2f (tarakimu mbili baada ya nukta) si kosa: iliyohifadhiwa iko chini kidogo ya 2.675.

Na anayeita setlocale(LC_ALL, ""), amri ya kufuata lugha na desturi za kompyuta, ajihadhari na mteja wa ng'ambo ya mpaka wa Mpondwe, huko Kongo. Kompyuta yake ikiwa ya Kifaransa, nukta inakuwa mkato, na CSV (faili linalotenganisha safu kwa mkato) ya safu nne za desimali inasomeka kama ya safu nane. Irudishe LC_NUMERIC, mpangilio wa namba, kwenye "C", yenye nukta, kabla ya kuandika faili.