Dereva mwenye miaka 18 azuiwe kuendesha usiku?

Kila inapotokea ajali ya usiku wa mwisho wa wiki huko Masaki au Mbezi Beach, Dar es Salaam, na ikabainika kuwa aliyeshika usukani ni kijana, hoja ileile huibuka: madereva wenye umri mdogo wapigwe marufuku kuendesha usiku. Si hoja ya kubezwa. New Zealand ilianza utaratibu huo mwaka 1987, na hadi leo mwenye leseni ya hatua ya pili, inayofuata ile ya mwanafunzi, haruhusiwi kuendesha bila msimamizi kati ya saa nne usiku na saa kumi na moja alfajiri. Karibu majimbo yote ya Marekani yana masharti ya aina hiyo. North Carolina huanza mapema zaidi, saa tatu usiku.

Giza la barabara zetu linawapa nguvu wanaounga mkono. Anayeingia jijini usiku akitokea Kibaha anaweza kukuta lori limeharibika katikati ya njia, halina taa, limewekewa matawi ya miti nyuma yake, huku gari linalokuja mbele likiwa limewasha taa kali. Dereva mzoefu akiyaona matawi hupunguza mwendo mara moja, kwa sababu anajua kilicho mbele. Mwenye leseni ya wiki tatu huenda akayachukulia kuwa takataka.

Ugumu unaanza tunapouliza marufuku hiyo ingemhusu nani hapa kwetu. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inataka dereva wa gari awe ametimiza miaka 18, ilhali New Zealand ilipoanza utaratibu wake kijana wa miaka 15 aliweza kupata leseni, na majimbo mengi ya Marekani huanzia miaka 16. Kwa hiyo sehemu kubwa ya ushahidi tunaoazima unahusu watoto ambao kwetu hawaruhusiwi kuendesha gari hata mchana. Wanaobaki ni wa miaka 18 na 19, na kwao matokeo hayafurahishi: utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la JAMA ulionyesha kuwa penye masharti makali ajali zenye vifo zilipungua kwa madereva wa miaka 16, lakini zikaongezeka kwa wale wa miaka 18. Maelezo mojawapo ni kwamba wengine husubiri tu wafikishe umri unaowaondolea masharti, kisha wanaingia barabarani bila uzoefu wowote.

Mtoto wa miaka 16 anayechukua gari la mzazi kwenda Coco Beach anavunja sheria saa sita mchana kama anavyoivunja saa sita usiku. Wa kubanwa hapo ni mwenye gari, ambaye sheria iliyopo tayari inamkataza kumwachia usukani asiye na leseni.

Kuna pia suala la riziki, ambalo watetezi wa marufuku hulipita haraka mno. Marufuku ikigusa kila chombo cha moto, itamkuta kijana wa miaka 19 wa bodaboda au bajaji pale Mbagala Rangi Tatu, ambaye abiria wake wengi ni wa jioni na usiku, na ambaye ndiye hugongewa mlango saa nane usiku mjamzito anapohitaji kufikishwa hospitali. Watasema iwekwe misamaha kwa walio kazini, kama jimbo la New Jersey, Marekani, lilivyofanya. Lakini barua ya mwajiri haimsaidii aliyejiajiri, na msamaha unaojadiliwa na trafiki gizani, tuseme ukweli, una bei yake.

Tumewahi kujaribu marufuku ya usiku. Mabasi ya mikoani yalizuiwa kwa miaka mingi, hadi serikali ilipoyaruhusu tena mwaka 2023. Na hayo ni mabasi, yenye kampuni, ratiba na vifaa vya LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa nchi kavu, vya kufuatilia mwendo. Gari la binafsi halina chochote katika hivyo.

Kwa maoni yangu, kama sharti ni lazima liwepo, lihesabiwe tangu siku ya kupata leseni, kwa kuwa dereva mpya wa miaka 35 naye ni mgeni wa barabara, na lilenge abiria kuliko saa. Jimbo la New South Wales, Australia, tangu mwaka 2007 linamruhusu dereva wa hatua ya kwanza ya leseni ya muda, inayofuata ile ya mwanafunzi, aliye chini ya miaka 25 kubeba abiria mmoja tu wa chini ya miaka 21 kati ya saa tano usiku na saa kumi na moja alfajiri, isipokuwa wanafamilia. Dereva anaweza kurudi nyumbani kutoka kazini au kumpeleka mama hospitali; anachokosa ni gari lililojaa wenzake wanaomhimiza akanyage mafuta. Trafiki naye anahitaji tochi tu kuwahesabu waliomo. Kuhusu uzoefu wa giza, ningependa kila anayeomba leseni ya gari kwa mara ya kwanza aendeshe kutoka Ubungo hadi Kibamba baada ya saa mbili usiku, mkaguzi akiwa pembeni yake, kabla hajakabidhiwa leseni.