Meya mstaafu na dumu la mawese

Soga za siasa Kigoma hazichelewi kufika Malaysia. Kaa barazani na mzee aliyewahi kuwa diwani, au kuvaa joho la umeya, utasikia: wale walichukua mbegu ya mchikichi hapa kwetu, leo wanatuuzia mafuta. Hadithi tamu, na kura imeleta. Ila ukoo wa michikichi ya Malaysia unarudi kwenye miche minne iliyopandwa Bogor, kisiwani Java, mwaka 1848, miaka kumi kabla wapelelezi wa Kiingereza Burton na Speke hawajatia mguu Ujiji.

Siwabezi wazee. Wakisema walifungwa mikono, wana hoja. Meya huchaguliwa na madiwani wenzake, lakini mkurugenzi, mwenye kushika fedha na watumishi, huteuliwa na Rais. Mwaka 2015 ACT-Wazalendo, chama cha mwaka mmoja tu, kilipotwaa Manispaa ya Kigoma Ujiji, mpangilio huo ulibaki vilevile: kikao cha upinzani, ofisi ya serikali kuu. Kisha 2017 ushuru wa mazao ukashushwa kutoka asilimia 5 hadi 3 kwa mazao ya biashara na 2 kwa chakula, na mzigo usiozidi tani moja ukasamehewa. Mama mwenye madumu yake manne akapumua. Halmashauri nchini zikapungukiwa. Mimi nilifurahi upande wa mama, lakini sikuwa na barabara ya kuchonga.

Hapo ndipo huruma yangu kwao inapoishia. Mashamba makubwa ya michikichi hayako mjini, yako Simbo, Ilagala na kwingineko nje ya manispaa. Cha meya kilikuwa soko, mwalo na mabanda ya kukamulia, na haya kwenye masimulizi yao hayatajwi. Wanakumbuka mikutano ya hadhara. Mama anayechemsha chikichi kwa kuni, moshi machoni, hayumo.

Na mbegu? Zilikuja na serikali kuu. Kampeni ya Waziri Mkuu Majaliwa mwaka 2018 iliifanya TARI Kihinga, ya utafiti wa kilimo, kuwa kituo cha zao hili, na miche ikaoteshwa mpaka kambi ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) Bulombora na gereza la Kwitanga. Manispaa isingeliweza. Mchikichi hukaa miaka mitatu hivi kabla ya kuanza kuzaa, zaidi ya nusu ya mitano ya baraza la madiwani. Nani apande avune mwenzake?

Lakini miche hiyo ni ya aina ya tenera: nyama nyingi, gamba jembamba, kokwa ndogo kuliko ile ya dura ya kienyeji. Kwa mwenye kinu cha mawese ni neema. Kwa wanawake wanaobangua kokwa wakapate mise, kiini chenye mafuta ya kutengenezea sabuni, hesabu ni nyingine, na swali lao Dodoma halitafika lenyewe. Lingepaswa kuanzia kwa diwani wao.