Tuhuma za udukuzi wa uchaguzi zipimwe kwa ushahidi, si kwa cheo cha msemaji

Hapa Mwanza, uchaguzi unapokaribia, mazungumzo ya vijiweni huhamia haraka kwenye seva, yaani kompyuta za kuhifadhi data, na hakosekani mtu wa kutaja udukuzi wa Warusi katika uchaguzi wa Marekani wa 2016, ambapo barua pepe za chama cha Demokratiki ziliibwa, kama jambo lililokwisha kuthibitishwa, huku mwenzake akilikana lote kuwa ni hadithi ya majasusi. Wote wawili wanasahau kwamba ushahidi uliowekwa hadharani haukuwa na uzito uleule tangu mwanzo hadi mwisho.

Tarehe 29 Desemba 2016, Wizara ya Usalama wa Ndani ya Marekani na FBI, shirika la upelelezi la nchi hiyo, zilitoa ripoti ya kurasa 13 kuhusu udukuzi huo, iliyoitwa GRIZZLY STEPPE, ikiambatana na orodha ndefu ya anwani za IP, yaani nambari zinazotambulisha kompyuta mtandaoni. Sehemu kubwa ya anwani hizo zilikuwa za mtandao wa Tor, unaotumiwa na yeyote anayetaka kuficha alipo, na programu hasidi iliyoonyeshwa humo ilikuwa ikipatikana kwa kila mtu kwenye intaneti, kwa hiyo havikutosha kumtambulisha mdukuzi. Mara moja orodha hiyo ikazaa taharuki: kompyuta mpakato moja ya kampuni ya umeme ya Burlington, Vermont, iliwasiliana na anwani mojawapo, na gazeti la Washington Post likaandika kwamba Warusi wamepenya gridi ya taifa, ilhali kompyuta hiyo haikuwa hata imeunganishwa na gridi.

Tathmini ya mashirika ya ujasusi ya tarehe 6 Januari 2017 nayo ilitoa hukumu kwamba Urusi ilihusika, bila kuonyesha vielelezo vyake. Pale soko la Mwaloni Kirumba, mnunuzi wa dagaa hatosheki na kilo za kutajiwa mdomoni. Hutaka kuuona mshale wa mizani kwa macho yake, na sioni kwa nini raia aombwe kuridhika na pungufu ya hapo katika jambo zito kuliko dagaa.

Hali ilibadilika tarehe 13 Julai 2018. Hati ya mashtaka dhidi ya maofisa 12 wa GRU, idara ya ujasusi wa jeshi la Urusi, ilitaja majina yao, vikosi vyao vya 26165 na 74455, malipo yao ya bitcoin (sarafu ya kidijitali), na hata maneno waliyoyatafuta kwenye seva ya Moscow tarehe 15 Juni 2016, saa chache kabla ya maneno hayohayo kutokea katika andiko la Guccifer 2.0, jina la mtandaoni la aliyejidai kuwa ndiye mdukuzi, Mromania anayefanya kazi peke yake. Washtakiwa hao hawajawahi kufikishwa kizimbani, kwa hiyo hakuna wakili aliyeyahoji madai hayo. Lakini ni madai yenye tarehe na mahali, ambayo mtaalamu wa nje anaweza kuyalinganisha na kumbukumbu nyingine, na kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa. Naamini kwamba GRU iliiba barua pepe za chama cha Demokratiki, na ninaamini hivyo kwa sababu ya hati ya 2018, si kwa ile orodha ya Desemba.

Hata hivyo, kuiba barua pepe ni jambo moja na kubadilisha kura ni jambo jingine. Kanzidata ya wapigakura ya jimbo la Illinois iliingiliwa kweli, lakini tathmini ya Januari 2017 yenyewe ilieleza kwamba mifumo iliyolengwa haikuwa ile ya kujumlisha kura. Anayeitaja Marekani ili kuthibitisha kwamba matokeo yaligeuzwa kutoka ughaibuni anautwika ushahidi huo neno ambalo haukulisema.