Ati Burghausen kuna nini?

Wiki iliyopita, kwenye kundi letu la WhatsApp la Watanzania wa München na vitongoji vyake, tulianza kupanga safari ya kiangazi. Ni yaleyale ya kila mwaka. Mmoja anataka ziwani, mwingine anataka nyama choma bustanini, halafu dada mmoja mwenye sauti anafunga mjadala: "Twendeni Neuschwanstein, kuna wageni kutoka nyumbani, hawawezi kuondoka bila kuiona." Nikaandika, kwa adabu zangu zote, kwamba wengi wetu njia ya huko tunaijua tumefumba macho, je, mwaka huu tusijaribu Burghausen? Kimya. Dole gumba moja la huruma. Kisha kaka mmoja, ninayemheshimu na ndiyo maana simtaji, akauliza: "Burghausen kuna nini?"

Kwenye kundi sikumjibu, maana ujumbe wa sauti ukizidi dakika mbili hausikilizwi na mtu. Najibu hapa.

Tuanze na hiyo Neuschwanstein yenu, kasri la mlimani kusini mwa Bavaria. Kila mwaka naona picha zinapandishwa mtandaoni, mtu kasimama na koti jipya, chini kaandika "ngome ya kale". Kale ipi? Jiwe la msingi liliwekwa Septemba 1869. Wareno walianza kujenga Fort Jesus pale Mombasa mwaka 1593, hesabu mwenyewe. Huo mwaka 1869 Barghash alikuwa amebakiza mwaka mmoja tu kukalia kiti cha Unguja. Jengo lenyewe ni matofali yaliyovikwa mawe meupe, na ndani mna chuma, maji ya bomba, vyoo vya kuvuta, hewa ya moto ya kupasha vyumba na hata simu. Sura yake ilichorwa na Christian Jank, ambaye kazi yake ilikuwa kuchora mandhari za jukwaani. Haijawahi kurushiwa hata jiwe. Ni pazia la tamthilia lililosimamishwa mlimani kwa ajili ya mtazamaji mmoja, Mfalme Ludwig wa Pili wa Bavaria, na mtazamaji huyo naye hakukaa humo hata miezi sita ukijumlisha siku zake zote.

Nilimpeleka mama mdogo alipokuja kutoka Tanga. Magoti yake yanajulikana ukoo mzima. Gari la farasi linapandisha watu, ndiyo, ila halifiki mlangoni. Linakushusha chini kidogo, na kipande kilichobaki ndicho chenye mwinuko wa kutafuta pumzi. Juu unasubiri namba yako iwake kwenye ubao kama uko benki. Zamu yako ikifika mnaingia kundi zima, mnatembezwa kama nusu saa, picha marufuku, ngazi zaidi ya 300 ukijumlisha za kupanda na za kushuka, na kundi la nyuma mnasikia viatu vyao. Tulipofika ukumbi wa kiti cha enzi, dhahabu kila mahali, mitume kumi na wawili ukutani, taa kubwa yenye umbo la taji inaning'inia, mama mdogo akazungusha macho, akaniuliza kwa sauti ambayo hata Wajapani waligeuka: "Mwanangu, na kiti chenyewe kiko wapi?"

Kiti hakipo. Hakikuwahi kuwekwa, mfalme alikufa kabla. Katika vyumba zaidi ya 200 vilivyopangwa, vilivyokamilika ni kama 15. Tulipanda mlima wote ule na magoti yale kwenda kutazama mahali ambapo kiti kingekaa.

Na jinsi alivyokufa ndiyo inayonichefua zaidi. Juni 1886 madaktari wanne wakiongozwa na Bernhard von Gudden waliandika kwamba mfalme hana akili timamu, bila kumpima. Wakamchukua kutoka hapohapo Neuschwanstein wakampeleka Berg, kando ya ziwa Starnberg, na kesho yake jioni, tarehe 13, yeye na Gudden wakakutwa majini, wote maiti. Lawama kubwa juu yake ilikuwa ujenzi: madeni yalikuwa yamefika maki milioni 14. Sawa, deni ni deni. Lakini tarehe 1 Agosti mwaka uleule milango ikafunguliwa kwa mwenye kiingilio. Arobaini ya marehemu imepita siku chache tu, na watu tayari wanapanga mstari kwenda kuchungulia kitanda cha mtu ambaye uhai wake wote alikuwa anakimbia macho ya watu. Wamemwita kichaa kwa kulijenga, wao wakajiona wenye akili kwa kulikatia tiketi! Leo wanaingia zaidi ya milioni moja kwa mwaka, na kila duka kule chini lina sura yake kwenye vikombe.

Haya, mniambie nina roho mbaya. Daraja la Marienbrücke nalikubali, kwa shingo upande. Ukisimama pale juu ya korongo la Pöllat, maji yanaporomoka chini yako na kasri limekaa mbele, utanyamaza tu. Na mwaka 2025 UNESCO nayo imelitia kwenye orodha yake ya urithi wa dunia, pamoja na makasri yake mengine, Linderhof, Herrenchiemsee na ile nyumba ya mbao ya Schachen. Kwa hiyo mwenye wageni wa picha awapeleke darajani. Daraja halina tiketi. Pigeni picha, kuleni, rudini. Mlango wa ndani upiteni kama hamjauona.

Sasa Burghausen.

Ni mji wa kiwanda cha kemikali, mpakani na Austria, unapanda treni hadi Mühldorf, unabadilisha, unaendelea, kwa Bayern-Ticket ileile, tiketi ya siku mnayogawana watu watano. Juu ya mji kuna mgongo wa kilima, mto Salzach upande mmoja, ziwa dogo la Wöhrsee upande wa pili, na mgongo wote huo ni ngome: mita 1,051 kutoka mwanzo hadi mwisho. Hakuna ngome ndefu kuliko hiyo duniani. Imekatwa nyua sita. Unatoka ua mmoja, unavuka handaki, unapita lango, unaingia mwingine, na kila ukidhani umefika kumbe bado. Kutembea humo ni bure. Unalipa ukitaka kuingia makumbusho ya ngome kuu kule mwisho. Hakuna anayekuhesabia dakika. Mama mdogo angekaa kwenye benchi kila anapochoka, na mabenchi yapo.

Kinachonipendeza kuliko vyote ni kwamba wanaishi watu mle. Watu wa kawaida, wenye mapazia, baiskeli na mitungi ya maua madirishani. Mtoto anatoka langoni kwenda shule na begi lake mgongoni, na lango hilo ni la karne ya kumi na tano. Na ukitembea taratibu unaelewa utawala ulivyokuwa unafanya kazi, kitu ambacho Neuschwanstein haiwezi kukufundisha hata ikupe siku nzima: farasi walikaa huku, nafaka huku, silaha huku, wenye kuteswa mnara ule, na mtawala yuko mwisho kabisa, nyuma ya mahandaki yote, na hazina yake. Ukitaka kumfikia yeye au dhahabu yake unapita kwanza mbele ya kila anayemtegemea. Duke Georg wa Bavaria-Landshut, aliyeitwa Georg Tajiri, aliiongeza na kuiimarisha kuanzia miaka ya 1480 kwa hofu ya Waturuki. Waturuki hawakufika. Waliofika ni ndugu zake, na hapo ndipo hadithi yenyewe ilipo, kaka yangu uliyeuliza kuna nini.

Georg alimwoa Jadwiga, binti wa mfalme wa Poland, Landshut, mwaka 1475. Bibi harusi alisafiri kama miezi miwili kutoka Kraków, msimu wa baridi unakaribia. Hesabu za jikoni zimebaki: ng'ombe zaidi ya 300, kuku kama 40,000. Kamati zetu za harusi za Dar, zinazotuma ujumbe wa michango saa nne usiku, zikae pembeni. Landshut wanaiigiza harusi hiyo tena kila baada ya miaka minne, mji mzima umevaa mavazi ya wakati ule. Ya mwisho ilikuwa 2023. Kila mtu anaishangilia harusi. Nani anauliza bibi harusi alikwenda wapi baadaye?

Alikwenda Burghausen. Mume shughuli zake ziko Landshut, mke yuko kwenye kile kilima, maisha yake yote ya ndoa. Watoto wa kiume hawakubaki. Jadwiga akafariki humohumo ngomeni mwaka 1502, akazikwa Raitenhaslach, bondeni, mwendo mfupi kutoka hapo. Georg aliachwa na binti, Elisabeth, na alichofanya ni kile ambacho baba mwenye binti tu angefanya: akaandika wosia kwamba mali na nchi apewe yeye na mumewe. Georg akafa Desemba 1503. Ndugu zake waliotawala upande wa München wakasema haiwezekani, makubaliano ya ukoo yanataka nchi irudi kwa wanaume wa upande wao, mwanamke harithi. Ikawa vita, 1504 mpaka 1505, vijiji vimechomwa jimbo zima. Elisabeth na mumewe wote wawili walikufa ndani ya mwaka 1504, kabla hata haijaisha.

Nani kati yetu hajui kikao hicho? Mimi nimekaa kwenye kikao kama hicho, mkekani, siku ya tatu ya msiba, baba wadogo wamenyoosha miguu wanaeleza kwa upole kabisa kwa nini dada zangu hawahusiki na shamba. Walikuwa wapole mno. Hakuna aliyepandisha sauti. Niliposimama kwenye ua wa ndani wa Burghausen na kusoma habari za Elisabeth, damu ilinichemka kama ni dada yangu, na nikajiuliza kwa nini miaka yote hii tunawapeleka watu wetu kutazama ndoto za mfalme mpweke, ilhali kuna ngome nzima inayozungumza mambo ambayo mama zetu wangeyaelewa bila mkalimani.

Hayo makasri mengine ya Ludwig nayajua, msinikumbushe. Linderhof ina meza iliyokuwa inashushwa jikoni, inapakuliwa chakula, inapandishwa tena ili mfalme asionane na mtumishi. Bustanini ina kibanda cha mtindo wa Wamoor chenye kiti cha tausi watatu, Mashariki ya kubuni ambayo mtu wa Unguja ataicheka mpaka amwage kahawa. Herrenchiemsee ni Versailles, kasri la wafalme wa Ufaransa, iliyonakiliwa kisiwani. Kisiwa hichohicho, mwaka 1948, wataalamu walikaa kuandaa rasimu iliyoelekea kwenye katiba ya Ujerumani ya leo, kwenye jengo la zamani la watawa, na hapo panapitwa na watalii wanaokimbilia ukumbi wa vioo wa kasri. Coburg, mji wa kaskazini mwa Bavaria, nayo ni safari ya siku nzima, ila watoto wetu wangefurahi kumwona Mtakatifu Mauritius, mtu mweusi, kwenye nembo ya mji hadi mifuniko ya mitaro barabarani. Wanazi walimwondoa mwaka 1934, vita vilipokwisha akarudishwa. Namna alivyochorwa nina maneno nayo, siku nyingine.

Lakini mkikataa Burghausen kwa sababu ya umbali, basi msikatae Sankt Ottilien. Hiyo ni treni ya S4 tu kutoka München, mnashuka Geltendorf. Leo ni monasteri, ila zamani palikuwa shamba lenye kasri dogo la Emming, ambalo Wabenediktini walilinunua miaka ya 1880 ili waandae wamisionari. Wakaenda wapi hao wamisionari? Pugu, 1888. Peramiho, 1898. Ndanda, 1906. Kuna watu kwenye kundi letu wamezaliwa hospitali ya Ndanda, wamesoma vitabu vilivyochapwa Peramiho, wamekaa München zaidi ya miaka kumi, na hawajawahi kushuka kituo hicho. Pugu ilishambuliwa Januari 1889, wakati wa vita vya Abushiri. Askofu Cassian Spiss aliuawa Agosti 1905, Majimaji ilipowaka. Yote hayo yalianzia kwenye kijikasri cha mashambani ambacho hakuna anayekipiga picha. Ndani kuna makumbusho ya misheni, na kwenye makabati yake ya vioo mna vitu vilivyotoka kwetu. Jinsi kila kimoja kilivyofika huko ndilo swali ningependa twende tukawaulize pamoja, watu ishirini, kwa Kiswahili na Kijerumani, tusikubali kuelekezwa dukani kabla hatujajibiwa.

Hayo ni mazungumzo ya safari nyingine, najua, na wageni wanataka mnara. Burghausen minara ipo, tena ya kweli. Mkishamaliza nyua zote sita shukeni mjini, vukeni daraja la Salzach muingie upande wa Austria, pandeni kilima cha Ach. Picha ya ngome hupigwa kutoka huko. Bebeni pasi na vibali vya ukaazi, maana polisi wa mpakani wanajua sana kutuchagua sisi kwenye umati. Na simu zenu zirudisheni nyuma kadiri mnavyotaka, hiyo kilomita moja haiingii yote.